Majogoo wawili, uwanja mmoja: uwaache, uwatenge au utoe mmoja?

Swali hili huja kila mapora, yaani majogoo vijana, wakianza kuvunja sauti. Mtu amelalisha kuku mayai kumi, vifaranga wametoka vizuri, kunguru wamechukua fungu lao, waliobaki nusu ni majogoo, na sasa wamefika miezi mitano wanatazamana kwa jicho la upande, manyoya ya shingo yamesimama, na kila ukitoka nje unakuta matone ya damu ukutani. Ukiuliza watu utapewa majibu matatu: waache wajuane wenyewe, au watenge, au chinja mmoja mle biriani. Yote matatu yana ukweli na yote matatu yanaweza kukutia hasarani, inategemea jogoo wako ni wa damu gani na uwanja wako ukoje, na hapo ndo sisi wa Lamu na Malindi inabidi tufikirie tofauti na ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni, kwa sababu sisi tuna kuchi.

Kuchi si kuku wa kienyeji mwenye miguu mirefu tu. Mtazame jimbi wa kuchi aliyekomaa: amesimama wima, shingo ndefu, upanga mdogo umelala kichwani, mdomo mfupi umejikunja, macho yameingia ndani chini ya mfupa mnene wa paji, na manyoya yamembana mwilini mpaka ngozi nyekundu ya kifua inaonekana. Huo mwili umechaguliwa vizazi na vizazi kwa ajili ya kupigana. Watafiti wa jenetiki wamekuta ana undugu na kuku wa kupigana wa Asia, mmojawapo Shamo wa Japani, na kwa pwani iliyopokea majahazi kutoka mashariki karne zote hizo si ajabu. Mimi nampenda sana kuku huyu, nyama yake ni nyingi, anastahimili, na Lamu ni katika sehemu zinazojulikana kwa kumhifadhi, lakini ukimfuga kwa kanuni za kuku wa kawaida utamuua.

Tofauti iko kwenye kushindwa. Mwanasayansi wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika tangu 1921 kwamba kuku wana vyeo, kila mmoja anajua nani wa juu yake na nani wa chini, na ugomvi mwingi ni wa kupanga hivyo vyeo. Majogoo wa kienyeji ndo hivyo hasa. Wanasimama uso kwa uso, vichwa chini, wanarukiana mara kadhaa, mmoja anageuza shingo anakimbia, mwenzake anamfukuza hatua chache halafu anasimama anapiga mbawa anawika, basi imekwisha. Kesho yule wa chini akisogea kwenye chakula anatupiwa jicho tu, anajiondokea. Kuchi hana hiyo breki. Anayezidiwa hageuzi shingo mpaka nguvu zimemwisha kabisa, na anayeshinda haachi hata mwenzake akilala chini. Chotara wa kuchi na kienyeji ndo mtihani zaidi manake hujui karithi upande gani, unaweza kukuta ndugu wawili wa tumbo moja mmoja mpole mwingine hataki suluhu, kwa hivyo kwangu mimi chotara hesabu yake ni ya kuchi mpaka athibitishe vingine. Wale wazito wa kisasa, Kuroiler, Sasso na hawa kienyeji walioboreshwa wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kwa kawaida ni wapole, ila ukiwachanganya na kuchi wanaumizwa vibaya, wana uzito lakini hawana wepesi.

Kitu kingine, ushauri wa Ulaya na Marekani utakwambia subiri, siku zikiwa fupi wakati wa baridi majogoo hutulia. Huko ni kweli, homoni za jogoo zinafuata urefu wa mchana. Lakini Lamu iko kama digrii mbili tu kusini ya ikweta na Malindi tatu na kidogo, mchana wetu ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, iwe kusi iwe kaskazi jogoo wako yuko kwenye msimu. Usingoje msimu utulize ugomvi, hautakuja.

Haya, tuziweke njia zenyewe kando kwa kando.

KUWAACHA WAJUANE

Hii ndo rahisi, haina gharama, na watu wazima wetu wengi ndo walivyofuga. Na inafaa kweli, ila kwa masharti. Majogoo wawe kienyeji, wawe wamekua pamoja tangu vifaranga, uwanja uwe mpana, na mitetea wawe wa kutosha, hesabu ya kawaida ni jogoo mmoja kwa mitetea wanane mpaka kumi, kwa hivyo wawili wanataka karibu ishirini. Mtu wa Hindi au Mpeketoni, upande wa bara wa Lamu, mwenye shamba, kuku wanatembea chini ya miembe na mikorosho mpaka jioni, huyo anaweza kuwa na majogoo watatu na asione damu mwaka mzima, kila mmoja ana pembe yake na mitetea wake wanaomfuata.

Sasa chukua majogoo hao hao uwaweke kwenye kiwanda, ule ua wa ndani, cha nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu. Kuta nne ndefu, sakafu ya chokaa, hakuna kichaka, hakuna pa kukimbilia. Jogoo aliyeshindwa anageuza shingo kama inavyotakiwa, anakimbia, anafika ukutani. Mshindi anakuja nyuma yake. Kwa macho ya mshindi yule bado yuko mbele yake, hajaondoka, kwa hivyo ugomvi haujaisha. Utamkuta yule wa chini ameingiza kichwa pembeni nyuma ya mtungi wa maji, mgongo uko nje, na mwenzake anamdonoa kisogo polepole bila haraka, mara kwa mara, mpaka ngozi inafunguka. Hapo mtu husema "wameshajuana, sasa wametulia" kwa sababu hakuna kelele tena. Hawajatulia, mmoja anauliwa taratibu.

Kwa hivyo kama utawaacha, angalia mambo haya na uwe mkweli: je, wa chini anakula? Mshike usiku ukiwa na tochi umpapase gole, likiwa tupu na wenzake wamejaa jua hafikii chakula. Je, anatembea mchana au amejificha tu juu ya kitu siku nzima? Na damu, ukiiona mara moja kwenye upanga si kitu, panga zinavuja damu upesi, ukiiona kisogoni au karibu na jicho siku mbili mfululizo hapo kuacha kumekwisha. Ongeza pia vyombo, wawili wawe na sehemu tatu za chakula na tatu za maji, mbali mbali, wasionane wakila. Na weka vitu vya kukatisha macho, gunia limetundikwa, mlango wa zamani umeegemezwa, ngazi, rundo la makuti, kitu chochote ambacho kuku akizunguka haonekani. Hilo la kukatisha macho linasaidia zaidi kuliko watu wanavyodhani, jogoo asiyeonekana kwa sekunde chache ameshasamehewa nusu.

Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, joto lenyewe linaua. Majogoo waliopigana saa saba mchana utawaona midomo wazi mbawa zimeachana na mwili, na mwenye nguvu anaweza kudondoka akafa bila jeraha hata moja. Hapo hakuna kungoja wajuane, unawaachanisha unawaweka kivulini na maji baridi ya kunywa.

Kwa kuchi njia hii mimi naikataa kabisa, hata shamba liwe ekari tano. Watatafutana.

KUWATENGA

Kama una sababu ya kuwaweka wote wawili hii ndo njia, na ndo wafugaji wa kuchi wanaojua kazi yao wanayotumia. Lakini kuna kutenga na kutenga.

Kosa la kawaida ni waya wa kuku katikati. Unagawa banda mara mbili kwa waya, mmoja huku mmoja kule, unaona umemaliza. Majogoo watapigana kwenye waya kutwa. Nimeona jogoo ambaye upanga wake umechanika kama kitambaa kwa kuupitisha kwenye matundu, na kucha ya kidole cha mbele imeng'oka kabisa imebaki kwenye waya, mwenzake upande wa pili yu mzima lakini amekonda manake hali, kazi yake ni kutembea kwenye huo mpaka kwenda na kurudi tangu alfajiri. Waya unazuia mwili, hauzuii ugomvi. Ugomvi uko machoni.

Kinachofaa ni kuziba macho. Sehemu ya chini, futi mbili mpaka tatu, iwe kitu kigumu kisichopitisha mwangaza: plaiwudi, mabati ya zamani, ukuta wa mawe, au makuti yaliyosukwa vizuri mara mbili. Juu unaweza kuacha waya au fito kwa ajili ya upepo, na upepo hapa ni lazima, banda lililozibwa pande zote Malindi mwezi wa pili ni tanuri. Makuti ni rahisi na yana baridi lakini yakishakauka kuku anayadonoa anatoboa, kwa hivyo kagua. Kuchi wawili usiwagawanye kwa makuti peke yake, weka mbao au bati nyuma yake.

Ukubwa: jogoo wa kienyeji peke yake mita moja kwa mita moja ndo chini kabisa, kuchi muongeze ifike mita moja na nusu, na urefu awe anaweza kusimama wima akanyoosha shingo akawika bila kugonga kichwa. Mpe kijiti cha kulalia, mpe mchanga mkavu wa kuoga, huyo ni mnyama si mfuko wa unga unauweka kando. Jogoo anayefungwa kwenye kizimba kidogo bila kutoka anaharibika tabia, na siku akitoka anakutafuta hata wewe miguu.

Ndo watu wengine wanafanya zamu. Asubuhi anatoka huyu na mitetea, baada ya alasiri anarudi ndani anatoka yule. Zamu ina uzuri wake, kila jogoo anapata jua na majani na mwendo. Ubaya wake unawaangukia mitetea. Kila jogoo akifunguliwa kazi ya kwanza ni kupanda, kwa hivyo kina mama wanapandwa mara mbili zaidi, utaona migongo imebaki ngozi, manyoya ya kisogo yamekwisha. Ukiona hivyo punguza, toa jogoo siku moja yeye, siku ya pili mwenzake, au uwape wengine wa kike peke yao.

Na kama nia yako ni kuhifadhi damu ya kuchi safi, zamu hailingani na kutenga kabisa. Mtetea anaweka mbegu za jogoo mwilini wiki mbili, wakati mwingine zinafika tatu, kwa hivyo ukimtoa kienyeji leo ukamuingiza kuchi kesho, mayai ya wiki mbili tatu zinazofuata huwezi kujua ni ya nani. Hayo kula, usilalishe. Mwenye uwanja wa kutosha, tuseme ploti ya Barani au Muyeye kule Malindi, afanye makundi mawili kamili, kila jogoo na mitetea wake, nyumba yenyewe iwe katikati ya makundi hayo. Ukuta wa nyumba ndo kizuizi bora kuliko vyote na umeshalipiwa.

Watasikiana, hilo huwezi kuzuia. Na kuwika kwenyewe kuna utaratibu, watafiti wa Japani, Shimmura na Yoshimura, walionyesha mwaka 2015 kwamba alfajiri jogoo wa cheo cha juu ndo huanza, wa chini yake wanafuata kwa mpango wa vyeo vyao, na ukimtoa wa kwanza basi wa pili ndo anaanza. Hii unaweza kuitumia bila gharama. Majogoo wako wakiwa wanaishi pamoja, sikiliza nani anaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Ukishawazoea sauti, siku yule wa pili akianza kumtangulia wa kwanza, mimi ningekwenda kuwatazama kabla ya kuwafungulia mlango.

KUNDI LA MAJOGOO PEKE YAO

Njia hii watu wa kwetu wengi hawaijui na ni nzuri kwa aliye na mapora wengi anaowanenepesha kwa ajili ya Idd au harusi. Unatoa majogoo wote vijana unawaweka pamoja, mbali, bila mtetea hata mmoja wa kuonekana. Kinachowachochea zaidi ni wa kike, akiondoka machoni ugomvi unashuka sana, wanabaki na vyeo vyao na kusukumana kidogo wakati wa chakula.

Masharti yake ni magumu lakini machache. Waingie wote siku moja, na mahali pawe pageni kwa wote, usimuingize mmoja kwenye nyumba ya mwingine. Wakiwa wamekua pamoja ni bora zaidi. Ukishamtoa mmoja ukamweka na mitetea hata siku chache usimrudishe, atarudi na kiburi na wenzake wameshampangua, atapigwa na kundi zima, na kupigwa na kundi ni hatari kuliko kupigana na mmoja. Na usiongeze mgeni mmoja mmoja, ukitaka kuongeza changanya wote upya mahali papya.

Ukilinganisha na vizimba vya mmoja mmoja, kundi hili linakula nafasi kidogo, kazi ya kusafisha ni moja, na majogoo wana raha zaidi manake kuku hapendi upweke. Lakini halifai kwa kuchi waliokomaa. Mapora wa kuchi utawaweka pamoja vizuri tu, halafu siku moja, mara nyingi wakifika miezi mitano sita, utaona wawili wanasimama muda mrefu vichwa sawa bila kurukiana. Siku hiyo hiyo watenge, usiseme kesho.

KUTOA MMOJA

Mwenye kiwanda cha nyumba ya mawe, au uwanja mdogo wa Langoni au Kisumu Ndogo, mitetea watano sita, jibu langu ni hili na sitalizungusha: baki na jogoo mmoja. Na kama unataka mayai ya kula tu, hata huyo mmoja humhitaji, mtetea anataga bila jogoo. Watu wanapata tabu na vizimba na zamu na dawa kwa ajili ya jogoo wa pili ambaye hana kazi yoyote pale.

Nani abaki? Wengi wanachagua mkubwa au mzuri wa rangi. Mimi naangalia vitu viwili. Kwanza anavyowafanyia mitetea: jogoo mwema akikuta mdudu anaita, anaunyanyua anauweka chini, anawaachia wale wao. Kunguru au mwewe akipita anatoa ile sauti ya hatari na wote wanaingia chini. Pili anavyowafanyia watoto wa nyumbani, jogoo anayerukia watoto usimzalishe hata akiwa mzuri vipi, tabia hiyo ina urithi ndani yake na jicho la mtoto halina badala.

Anayeondoka, muda wa kumuuza ni kabla ya sikukuu, bei za majogoo hupanda kuelekea Idd na Krismasi na misimu ya harusi, kwa hivyo ukiweza kumshikilia kwenye kundi la majogoo wiki chache hupotezi kitu. Kama ni kuchi wa damu nzuri, mtafute mfugaji anayetaka jogoo wa mbegu, mtu ambaye hana jimbi, hapo umemsaidia na yeye kukwepa kuzalisha ndugu kwa ndugu. Ila muulize anamtaka kwa nini. Wako wanaonunua kwa ajili ya kupiganisha, na mimi hapo nasema wazi usiuze. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imekataza, na dini yetu imekataza kuchochea wanyama wapigane, na huyo ni kuku uliyemlea tangu yai. Bora umchinje kwa bismillahi nyumbani, kisu kikali, akaliwe kwa kupaka na wali wa nazi, kuliko aishie kwenye duara la watu wanaoshangilia.

Jogoo mzima wa kuchi nyama yake ni ngumu, itake moto mdogo na muda.

VYA KUSAIDIA TU

Kuna mambo yanatajwa kama suluhisho na mimi nayaweka pembeni, yanapunguza madhara lakini hayaondoi ugomvi.

Kukata vikwaru, ile miiba ya nyuma ya mguu. Ndani yake kuna mfupa ulio hai wenye damu, nje ndo ganda gumu kama kucha. Ukikata karibu unamwumiza na anavuja sana. Ninachokubali ni kupunguza ncha: usiku akiwa ametulia, mtu mmoja amshike amemfunika leso kichwani, mwingine asugue ncha kwa tupa au msasa mpaka iwe butu, basi. Ikitoka damu kandamiza unga wa ngano mpaka ikauke. Vinarudi kuota, kwa hivyo ni kazi ya kurudia. Wako wanaong'oa ganda lote kwa koleo ati haliumi, linaacha nyama mbichi inayovuja, mimi siungi mkono. Kukata midomo usifikirie, kuku anahitaji mdomo kwa kila kitu.

Kuongeza mitetea. Husaidia kwa kienyeji, kwa kuchi haisaidii kitu, na kununua kuku kumi ili uweke jogoo mmoja ambaye ungemuuza ni hesabu ya kinyume.

Kuhasi. Mapumbu ya jogoo yako ndani mgongoni karibu na figo, huo ni upasuaji wa kufungua mbavu. Kwa mfugo wa nyumbani acha kabisa.

KUMRUDISHA AU KULETA MGENI

Majogoo wawili waliokuwa wanaelewana wakiachana wiki mbili tatu, mmoja alikuwa mgonjwa labda, wakirudiana wanaanza upya kana kwamba hawajuani. Kwa hivyo ukimtoa mgonjwa, akiweza kula mwenyewe usimkalishe kando muda mrefu bila sababu, na ukimrudisha mrudishe siku upo nyumbani, asubuhi, wakiwa wameshiba, uwanja umeongezwa vya kujifichia. Ile mbinu ya kumpandisha usiku kwenye kijiti wakiwa wamelala ati wakiamka watadhani alikuwepo, kwa mitetea inakwenda, kwa majogoo unaahirisha ugomvi mpaka alfajiri wakati wewe umelala, mimi naona ni mbaya kuliko kuwakutanisha mchana.

Jogoo mgeni kutoka Mokowe au bara, kabla hata ya kufikiria ugomvi, mkalishe mbali wiki mbili za uchache. Kideri, ugonjwa wa Newcastle, kinasafiri na kuku wa sokoni, na kikiingia hakiulizi nani jogoo nani mtetea. Hakikisha wako wamechanjwa, chanjo ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi mitatu minne.

WALIOUMIA

Mtenge mara moja, manake kuku wengine wakiona damu wanaidonoa, hata mitetea wake mwenyewe. Mpeleke kwenye giza kidogo, kikapu kikubwa cha ukili kimefunikwa kinatosha kwa siku ya kwanza. Osha jeraha kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, toa manyoya yaliyoganda, paka dawa ya zambarau, ambayo pia inaficha wekundu wenzake wasiuone. Jicho likiwa limevimba lioshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, dawa ya zambarau usiipitishe hapo. Mpe maji kwanza, chakula baadaye, uji mwepesi wa mtama au wali uliolainishwa, na ukiona amekaa na kichwa kimeinama hanywi mpaka siku ya pili mtafute daktari wa mifugo.

Jambo linalosahauliwa ni mbu. Ndui ya kuku inaingia kupitia ngozi iliyochanika na inabebwa na mbu, na majogoo wetu wanapigana upangani na ndevuni, hapo hapo pasipo na manyoya ambapo mbu anauma. Ndo maana masika yakianza unaona majogoo wamejaa vidonda vyeusi usoni na watu wanadhani bado ni makovu ya ugomvi. Chanjo yake ipo, hutiwa kwa sindano kwenye ngozi nyembamba ya bawa, na inatakiwa kuku akiwa mzima, kwa hivyo iulizie ofisi ya mifugo kabla ya mvua, na jogoo aliye na majeraha mabichi mlaze ndani ya neti.